"Kwa nini ulirudi?" Kazi ya shahidi mtaalamu katika kesi za watoto waliolanguliwa kwa ngono

Kuna swali ambalo wakili wa utetezi hakosi kumuuliza mtoto aliyelanguliwa kwa ajili ya ngono, na mara nyingi huliuliza kwa upole kabisa: "Kama ulikuwa unateswa, kwa nini ulirudi?" Mtoto huinamisha kichwa. Pengine hunyamaza, pengine husema, "Sijui." Jibu hilo huingia kwenye rekodi ya mahakama, na siku ya hukumu huenda likawa ndilo lililomfungulia mshtakiwa mlango.

Tuchukue mfano tunaoutumia kuwafundishia waendesha mashtaka na wapelelezi. Si jalada la mtu yeyote. Tumeuunda kutokana na mambo yanayojirudia katika kesi za pwani ya Kenya. Msichana wa miaka 16 anatoka kijiji cha ndani ya Kinango, kaunti ya Kwale. Mwanamke anayemwita shangazi, ingawa hawana udugu wa damu, anamwambia mama mtu kwamba kuna kazi ya saluni Mtwapa, mji ulio kaskazini mwa Mombasa. Nauli anatoa yeye. Msichana akifika anapewa kitanda, nguo, simu, anasukwa nywele, na kila kimoja kinaandikwa daftarini. Wiki ya pili anasomewa deni na kuelezwa litakavyolipwa. Wanaletwa wanaume, wengine wageni, wengine wenyeji. Siku moja anatoroka, anavuka feri ya Likoni, anakaa stendi mpaka giza linaingia, kisha anarudi Mtwapa kwa miguu yake mwenyewe. Polisi wanapovamia ile nyumba anawaambia ana miaka 20 na kwamba shangazi ni mtu mwema. Miezi mitatu baadaye, akiwa kwenye makao salama, ndipo anapoanza kusema. Daktari anampima na kujaza P3, fomu ya polisi ya ripoti ya daktari: hakuna jeraha.

Mtu asiyejua ulanguzi akisoma maelezo hayo ataona mashimo matupu. Alikuwa na simu. Alifika stendi akarudi. Alidanganya umri. Alimsifu anayemshtaki leo. Hana hata alama mwilini. Aliyewahi kufanya kazi na watoto hawa akisoma maelezo yaleyale ataona jinsi ulanguzi unavyofanyika, hatua kwa hatua. Hakimu ameketi katikati ya wasomaji hao wawili, na sheria haimruhusu kuamua kwa kubahatisha. Hapo ndipo shahidi mtaalamu anapohitajika.

Tatizo lenyewe halikuanza jana. Ripoti ya UNICEF na Serikali ya Kenya iliyotolewa mwaka 2006 ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa maeneo ya pwani walikuwa wakiingizwa kwenye ngono ya malipo ya hapa na pale. Jambo lililowashtua wengi ni kwamba miongoni mwa wanaume waliowanunua watoto hao, Wakenya wenyewe ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Bado tunakutana na watu wanaodhani kesi hizi zinahusu wazee wa Kizungu ufukweni tu, na dhana hiyo huwafanya majirani wasimtilie shaka mwenye nyumba wanayeonana naye kila siku.

Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Oktoba 2012, iko wazi kuhusu watoto. Mtu mzima akilanguliwa, upande wa mashtaka lazima uonyeshe njia iliyotumika: nguvu, vitisho, ulaghai, kutumia vibaya unyonge wake. Kwa aliye chini ya miaka 18, hayo hayahitajiki. Kumtafuta, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea kwa nia ya kumtumikisha kunatosha, na kukubali kwake si kitu. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kando yake ipo Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, yenye vifungu vya kumlangua mtoto, utalii wa ngono na watoto, kumwingiza mtoto kwenye ukahaba, na unajisi wenyewe, yaani kumwingilia mtoto.

Basi msomaji atauliza: ikiwa ridhaa ya mtoto haihesabiki, swali la "kwa nini ulirudi" linaingiaje? Linaingia kwa mlango wa uaminifu. Wakili hatasema mtoto alikubali. Atasema mtoto ni mwongo. Chini ya kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi, katika kesi ya kosa la ngono mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mwathiriwa peke yake, mradi hakimu aandike sababu zinazomfanya aamini kwamba anasema kweli. Kesi nzima inaweza kusimama juu ya swali moja, kama mtoto huyu anaaminika, na tabia za mtoto aliyelanguliwa ndizo hasa zinazomfanya aonekane haaminiki.

Shahidi wa kawaida husema alichokiona na kukisikia. Mtaalamu huruhusiwa kutoa maoni, na ruhusa hiyo inatokana na kifungu cha 48 cha sheria hiyohiyo ya Ushahidi, kinachohusu mambo ya sayansi, ujuzi maalumu, mwandiko, alama za vidole na kadhalika. Kabla ya kutoa maoni lazima aeleze amesomea nini, amefanya kazi hiyo wapi na kwa muda gani, na maoni yake yamejengwa juu ya nini. Hata hivyo hakimu hafungwi nayo. Mahakama ya Rufaa ya Kenya imerudia mara nyingi kwamba maoni ya mtaalamu yapewe heshima yake, lakini uamuzi ni wa mahakama, ukipimwa pamoja na ushahidi mwingine wote.

Kuna mpaka mmoja ambao wataalamu wenye huruma huuvuka bila kujua. Mtaalamu hana ruhusa ya kusema, "Mtoto huyu anasema kweli." Hana ruhusa ya kusema, "Huyu mshtakiwa ni mlanguzi." Hayo ni ya hakimu. Kazi yake ni kumpa hakimu maarifa ambayo watu wengi hawana, ili akiyapima maneno ya mtoto asiyapime kwa kipimo kibovu. Nimeketi na wanasaikolojia hodari, watu waliokesha na watoto hawa, wakashindwa kabisa kukubali mpaka huu. Naelewa kinachowauma. Lakini siku mtaalamu anapoanza kumtetea mtoto kizimbani, wakili wa utetezi humuuliza swali fupi tu, "Wewe ni mtaalamu au ni mzazi wake?" na kuanzia hapo hata yale ya kweli aliyoyasema huanza kutiliwa shaka.

Turudi kwa msichana wetu wa Mtwapa tuone ushahidi mzuri unavyosikika. Mwendesha mashtaka hamuulizi mtaalamu habari za msichana huyu kwanza. Anauliza kwa jumla.

"Katika kazi yako, umewahi kukutana na watoto waliotumikishwa kingono wakapata nafasi ya kuondoka na wasiondoke?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ni jambo la kawaida."

"Ieleze mahakama sababu."

"Ziko nyingi na huja pamoja. Mtoto ana deni, na anaamini ni deni la kweli. Anaogopa kurudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu mama alimuaga kwa baraka na kijiji kizima kinajua ameenda kazini. Anaona haya kwa yaliyompata. Na aliyemdhuru ndiye huyohuyo anayempa chakula na kumuuguza akiugua, kwa hiyo moyo wake unamwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja. Mtoto asiye na nauli, asiye na pa kulala, akikaa stendi usiku, nyumba anayoijua ni ile moja."

"Mtoto kurudi kunathibitisha kwamba alikuwa akitumikishwa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Hakuthibitishi kwamba alitumikishwa, wala kwamba hakutumikishwa. Ninachoweza kusema ni kwamba kurudi hakupingani na kutumikishwa."

Jibu hilo la mwisho ndilo linalouvusha ushahidi. Mtaalamu amesema kile sayansi inachokibeba na akaishia hapo. Wakili wa utetezi akisimama kumhoji hatapata pa kushika.

Historia ya ujuzi huu inatufundisha tahadhari. Mwaka 1983 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Roland Summit, aliandika kuhusu mambo matano aliyoyaona kwa watoto waliodhulumiwa kingono: siri, kukosa uwezo wa kujitetea, kunaswa na kuizoea hali, kuchelewa kusema, na kuyakana aliyoyasema. Maandishi yake yaliwasaidia wengi kuwaelewa watoto. Kisha waendesha mashtaka wakaanza kuyatumia kama kipimo cha hospitali, kwamba mtoto akiwa na dalili hizi basi amedhulumiwa. Summit mwenyewe ilimbidi aeleze baadaye kwamba hakuyaandika kwa kazi hiyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey ilikataa ushahidi wa kitaalamu uliojengwa juu ya mkusanyiko huo mzima, ikisema hauna msingi wa kutosha wa kisayansi, na ikaacha wazi sehemu moja tu, ile ya kuchelewa kusema, pale inapohitajika. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi wa New Jersey. Lakini wakili mwenye bidii wa Mombasa anaweza kuusoma usiku akaja nao asubuhi, na mwendesha mashtaka aliyemleta mtaalamu wa kusoma majina ya dalili kutoka kitabuni atajikuta hana la kusema.

Kuna jambo jingine linalohusu kumbukumbu ambalo mtaalamu anafaa kulieleza mapema. Mtu akiibiwa mara moja maishani hukumbuka siku, saa, na rangi ya shati la mwizi. Mtoto aliyefanyiwa jambo lilelile usiku baada ya usiku kwa miezi hukumbuka jinsi lilivyokuwa likienda, ila siku huchanganyika. Atasema Jumamosi ilikuwa mvua, kumbe ilikuwa Jumanne. Ndiyo maana hati ya mashtaka iliyoandikwa vizuri husema "katika tarehe mbalimbali kati ya" siku fulani na siku fulani. Polisi akilazimisha tarehe moja ili hati ionekane nadhifu, anamwekea mtoto mtego mwenyewe.

Sasa tuje kwa daktari, maana hapa ndipo umma una imani potofu kuliko kwingine kote. Watu wengi, maafisa wengine wakiwemo, huamini kwamba mtoto akiingiliwa lazima daktari aone. Si kweli. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliangalia wasichana wabalehe 36 waliokuwa wajawazito. Hakuna wa kubisha kwamba walikuwa wameingiliwa. Kati ya wote 36, ni wawili tu waliokuwa na alama za uhakika. Mwili wa msichana aliyebalehe hutanuka, na ukichubuka hupona haraka, mara nyingi ndani ya siku chache. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba kinachoitwa kipimo cha ubikira hakina msingi wowote wa kisayansi na kikomeshwe.

Mahakama zetu zililiona hili zamani. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ikiketi Mombasa ilisema kukosekana kwa ushahidi wa daktari hakuimalizi kesi ya ubakaji, kwa kuwa kosa linaweza kuthibitishwa kwa maneno ya mwathiriwa au kwa mazingira. Tatizo liko kwenye kalamu. Daktari au afisa wa kliniki anayeandika kwenye P3 "hakuna dalili ya kuingiliwa" kisha akaweka sahihi, ameandika sentensi itakayosomwa kama "hakuingiliwa". Anayejua kazi huongeza mstari: "Hali ya kawaida kama hii haiondoi uwezekano kwamba aliingiliwa, hasa ikiwa siku nyingi zimepita." Mstari huo mmoja unaweza kuokoa kesi, nao ni ukweli mtupu wa kitabibu.

Tena huja shida ya uhamisho. Kesi inasikizwa mwaka wa pili au wa tatu, na aliyejaza fomu amehamishiwa Garissa au ameenda masomoni. Mwenzake anayeujua mwandiko na sahihi yake huitwa kuitoa fomu mahakamani. Sheria inaruhusu. Lakini huyo mwenzake hakumwona mtoto, na akiulizwa kwa nini sehemu fulani iliachwa wazi, hana jibu. Tunawasihi wahudumu wa afya waandike kana kwamba wao hawatakuwepo siku ya kesi: mtoto alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa katika hali gani, alipimwa nini na hakupimwa nini.

Umri ni mada ambayo watu huiona ndogo mpaka kesi ianguke. Kosa la ulanguzi wa mtoto husimama ikiwa mwathiriwa alikuwa chini ya miaka 18 wakati huo. Kosa la unajisi lina ngazi: mtoto wa miaka 11 au chini yake, kifungo cha maisha, wa 12 hadi 15, kisichopungua miaka 20, wa 16 hadi kabla hajatimiza 18, kisichopungua miaka 15. Julai 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisisitiza kwamba viwango hivyo vya chini bado ni sheria. Kwa hiyo tofauti ya mtoto wa miaka 15 na wa 16 ni miaka mitano ya kifungo cha mtu, na kati ya 17 na 18 ni tofauti ya kuwa na kosa au kutokuwa nalo. Ndiyo sababu Mahakama ya Rufaa iliyoketi Malindi, katika rufaa namba 504 ya mwaka 2010, ilisema umri wa mwathiriwa lazima uthibitishwe.

Cheti cha kuzaliwa kikiwepo, mjadala umekwisha. Watoto wengi wa vijijini pwani hawana, na kanuni za mahakama za mwaka 2014 kuhusu makosa ya ngono zinaruhusu hati za shule, kadi ya ubatizo au hati nyingine ya namna hiyo. Mahakama ya Rufaa ya Uganda, katika uamuzi ambao mahakimu wa Kenya huunukuu sana, ilikubali pia ushahidi wa wazazi, na hata kumtazama mtoto kwa akili ya kawaida. Mtaalamu wa kukadiria umri anafaa kuwa kimbilio la mwisho, maana ujuzi wake una kikomo ambacho lazima akitamke. Njia inayojulikana zaidi ni kupiga eksirei ya mkono na kiganja na kuilinganisha na picha za kitabu maalumu. Picha hizo zilitokana na watoto wa familia zenye uwezo wa mji wa Cleveland, Marekani, waliopigwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940. Mtoto wa Kinango aliyekua kwa lishe ya mlo mmoja huenda mifupa yake ikachelewa. Zaidi ya hayo, mifupa ya mkono wa msichana mara nyingi hukomaa kabla hajafika miaka 18, na ikishakomaa, eksirei haiwezi kumtofautisha wa miaka 17 na wa 20. Mtaalamu anayeandika "miaka 17" bila kutaja kwamba makadirio yanaweza kupungua au kuzidi kwa takribani miaka miwili, amemkabidhi wakili wa utetezi zawadi. Hapo faida ya shaka ni ya mshtakiwa, na sheria haina njia nyingine.

Simu na pesa nazo zina wataalamu wao, na kwa maoni yangu hao ndio wanaotumiwa kwa uchache kuliko wanavyostahili. Ulanguzi ni biashara, na biashara huacha risiti. Tangu M-PESA ianze mwaka 2007, nauli ya mtoto, kodi ya chumba na malipo ya wateja hupita humo. Mchambuzi akiweka taarifa za miamala ya shangazi kando ya rekodi za minara ya simu, anaweza kuionyesha mahakama kwamba kila Ijumaa na Jumamosi usiku pesa za kiwango kilekile ziliingia kutoka namba tofauti, na simu ya mtoto ilikuwa eneo lilelile. Ushahidi huo hauchoki, hauogopi wala hausahau, nao humpunguzia mtoto mzigo wa kubeba kesi peke yake. Masharti yake ni magumu kidogo. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti cha kueleza hati ya kielektroniki ilitolewaje, kwa kifaa gani, na nani alikisimamia. Picha ya skrini aliyopiga dada mtu na kuituma kwa WhatsApp, bila cheti na bila simu yenyewe, inaweza kukataliwa hata kama kila kilichomo ni kweli.

Mpelelezi mwenye uzoefu pia anaweza kuwa shahidi mtaalamu, akaeleza jinsi walanguzi wanavyofanya kazi: namna ya kumtafuta mtoto mwenye shida, lugha wanayotumia, daftari la deni, kumtumia msichana mkubwa kuwaleta wadogo. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohudumia magharibi ya Marekani ilikubali ushahidi wa namna hiyo kutoka kwa askari mpelelezi katika kesi ya ulanguzi wa watoto. Rai yetu ni kwamba asiwe mpelelezi wa kesi hiyohiyo. Akiwa ni yeye aliyemkamata mshtakiwa na ni yeye anayetoa maoni, mahakama hushindwa kujua wapi anasema alichokiona na wapi anasema anachoamini. Aletwe mwingine kutoka kitengo, asiye na mkono kwenye jalada.

Wengi huchanganya mtaalamu na msaidizi wa shahidi anayetajwa katika kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Ngono. Huyo anaweza kuwa mzazi, ndugu, mshauri nasaha, afisa wa watoto au mwanasaikolojia, na kazi yake ni kumfikishia mtoto swali kwa namna anayoielewa, kuiambia mahakama mtoto amechoka au ameemewa, na kuomba mapumziko. Maneno yanayotoka ni ya mtoto. Mtu mmoja asibebeshwe kazi zote mbili katika kesi moja. Mwanasaikolojia anayemtibu mtoto naye ni vizuri asiwe ndiye mtaalamu wa kutoa maoni: daftari lake la matibabu litaombwa mahakamani, na mtoto atajua siri alizompa zimesomwa mbele ya watu.

Ripoti ya mtaalamu lazima ikabidhiwe utetezi mapema. Ibara ya 50 ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya kujua ushahidi utakaotumika dhidi yake, na utetezi una haki ya kuleta mtaalamu wake pia. Wapo wanaokasirika wakisikia hivyo. Mimi naona ni ulinzi kwa mtoto: hukumu iliyopatikana kwa ushahidi uliofichwa huvunjwa kwenye rufaa, na mtoto huyohuyo anaweza kuitwa tena kuanza upya. Mwendesha mashtaka pia akumbuke kifungu cha 33 cha Sheria ya Makosa ya Ngono, kinachoruhusu ushahidi wa mazingira ya kosa na athari zake kwa mwathiriwa, na cha 34, kinachozuia mtoto kuulizwa habari za wanaume wengine bila idhini ya mahakama. Ni kawaida kuona vifungu hivyo vimesahaulika mezani huku mtoto akiulizwa maswali ambayo hayakupaswa kuulizwa.

Mtaalamu hufanya kazi na kile alicholetewa, na kingi kati ya hicho huwa mikononi mwa wazazi, walimu na majirani siku nyingi kabla ya mahakama. Mtoto akianza kueleza, msikilize, usimkatize, usimtilie maneno mdomoni, kisha andika aliyosema kama alivyoyasema, na tarehe. Usimpeleke kwa chifu, kisha kwa imamu au mchungaji, kisha kwa mjomba, kila mmoja akimhoji upya. Kila simulizi huzaa tofauti ndogo ambazo mahakamani huitwa uongo. Mpeleke hospitali hata kama muda umepita. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi huhitaji kuanza ndani ya saa 72, lakini baada ya hapo bado yapo magonjwa ya kutibiwa, mimba ya kuchunguzwa na rekodi ya kuandikwa. Nguo zisifuliwe, zikaushwe kivulini kama zina unyevu na kuwekwa kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, kwa sababu ndani ya plastiki huvunda na sampuli kuharibika. Daftari la deni likipatikana lisichanwe kwa hasira. Kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, hata kikiwa kimeliwa na mchwa pembeni, kina tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa na mhudumu wa afya.

Na familia zikiitwa kikao cha maslaha, kupokea pesa au mbuzi ili mambo yaishe nyumbani, zijue kwamba kesi ya kosa la ngono si mali ya wazee wala ya mzazi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Ngono kimewaondolea polisi na wanafamilia mamlaka ya kuisimamisha. Uamuzi huo leo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Namba ya kupiga bila malipo kuhusu mtoto aliye hatarini, mahali popote Kenya, ni 116.